Magari ya Bruda Wendeli

Jumapili, 6 Machi 1983. Nangara, Babati

Mvua imeanza leo katikati ya mahubiri. Ilipiga bati la kanisa mpaka padre akaacha kuhubiri, akabaki anatutazama. Nimerudi nimelowa chapachapa, nikamkuta mume wangu Marcelino mezani na kifurushi kutoka Amerika. Hakuniuliza kama nimelowa. Aliniuliza mkasi uko wapi.

Naandika haya kwa sababu huyu mwanamume haongei. Ni dereva wa lori la ushirika, na lori limekaa juu ya mawe tangu Januari kwa kukosa matairi, basi anashinda nyumbani kimya kama gunia la mahindi. Nisipoandika nitapasuka.

Kifurushi kilikuwa na gari. Gari dogo la kukaa kiganjani, zito, limeundwa kwa risasi iliyoyeyushwa, likapakwa rangi ya damu ya mzee. Linaitwa Kaiser. Ndani lina usukani, lina viti vyenye mshono, na kisahani cha majivu ya sigara kisichozidi punje ya mtama. Anayeyaunda ni Bruda Wendeli, Mmarekani aliyekuwa fundi wa karakana ya misheni wakati Marcelino alipokuwa msaidizi wake. Alirudi kwao mwaka wa sabini na nne, sasa ni mzee, na kila mwaka anatuma, mwaka huu gari moja, mwaka mwingine matatu. Wala haundi magari yenye jina. Anaunda yale ambayo hata kwao yamesahauliwa: Hudson, Packard, Studebaker, De Soto, Willys. Viwanda vyake vilikufa zamani. Kasha la chai lililo chini ya kitanda chetu limejaa hayo, kila moja limefungwa kwa kipande cha kitambaa.

Sukari hatuna. Sabuni hatuna. Kaiser tunayo.

Jumatano, 9 Machi

Tumepanda mahindi na maharage kule shambani Mutuka. Mgongo wangu jamani.

Jumanne, 15 Machi

Nimekosa sindano ya cherehani. Nimepekua nyumba nzima, mpaka ndani ya unga. Unajua ilikuwa wapi? Juu ya De Soto! Ameikata akaifanya eriali. Sindano, ambayo siku hizi utaitafuta Babati yote mpaka Arusha usiipate.

"Marcelino, wewe una akili timamu kweli?"

"De Soto ya mwaka ule ilikuwa na eriali upande wa kushoto," akanijibu.

Na zile wipa za Packard, nimegundua, ni nywele za mkia wa ng'ombe wa jirani yetu Mama Paskasi. Nilimwambia mwenyewe asubuhi alipokuja na kigae kuomba moto. Alicheka mpaka makaa yakamwangukia. Viberiti vimepotea madukani tangu Krismasi, hivyo kila asubuhi moto unatembea kwa vigae nyumba hadi nyumba. Leo kwangu, kesho kwake.

Jumapili, 20 Machi

Mvua. Aniceti, balozi wetu wa nyumba kumi, alipita akamkuta Marcelino ameyapanga magari mezani anayafuta vumbi. Nikampa uji. Aniceti ana macho ya kupima, hata kikombe chako anakipima. Aliinua Hudson, akaigeuza, akachungulia chini yake.

"Hii nayo bei gani?"

"Haina bei, Balozi."

"Hakuna kitu kisicho na bei, Marcelino. Mwaka huu zaidi."

"Hii haina."

Aliirudisha mezani polepole, akamaliza uji, akaaga. Sikupenda namna alivyoirudisha.

Jumamosi, 26 Machi

Redio imetangaza msako wa wahujumu uchumi. Ukikutwa na bidhaa bila risiti, hasa ya nje, unaingia ndani, na hakuna anayejua unatoka lini. Konstantini, dereva mwenzake Marcelino, wamemchukua jana kwa doti za khanga na betri za tochi. Wanaanza na madereva, kwa sababu dereva anafika mpakani. Mke wake alipita hapa kichwa wazi, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna.

Marcelino alisikiliza habari mpaka mwisho, akaenda chumbani. Nikasikia kasha likisukumwa ndani zaidi.

Jumatatu, 28 Machi

Tumegombana.

"Yatupe," nikamwambia.

"Hapana."

"Yazike basi, shambani."

"Maji yataingia. Rangi itatoka."

"Marcelino! Una kasha zima la vitu vya Amerika bila risiti hata moja, na wewe ni dereva! Watakufunga kwa ajili ya vitu vya kuchezea!"

"Si vya kuchezea," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Unajua la kwanza lilikuwa la nani."

Najua. Mwaka wa sitini na tisa nilibeba mimba, ya kwanza na ya mwisho. Bruda Wendeli akaunda gari la kijani, Nash, limeviringika kama beseni lililofunikwa, likae likimngoja mtoto. Mimba ikatoka. Sisi Wairaqw, mwanamke akiharibikiwa mimba nyumba yake inaingia metimani. Haingii mtu, hakitoki kitu, hupewi moto, huchoti maji kisima cha wenzako, hupiti kwenye mashamba ya watu, mpaka wazee waseme imetosha. Wanaogopa mkosi usije ukaingia kwenye matumbo mengine. Baba yangu alikuwa katekista, akaita mambo hayo ushirikina, lakini hata yeye alinisalimia akiwa nje ya ua. Aliyeingia ni Bruda peke yake. Labda hakujua. Labda alijua. Aliiweka Nash mezani, akakaa na Marcelino bila neno mpaka jioni.

Tangu hapo magari yamekuja, mtoto hakuja. Hapa mjini kila mwanamke ni Mama Fulani. Mimi ni Skola.

Pamoja na hayo yote, nataka mume asiyefungwa. Nimelala nimempa mgongo.

Jumapili, 3 Aprili. Pasaka

Kanisa zima limevaa matambara. Watu wana nguo mpya wamezificha, wanaogopa kuulizwa wamezinunua wapi. Bwana amefufuka, sisi tumekuja kumpokea na viraka. Mama Paskasi alininong'oneza, "Skola, leo wewe ndiye umependeza, maana hukuwa na kitu tangu zamani." Tulicheka na khanga mdomoni.

Jumatano, 6 Aprili

Marcelino ametumwa Arusha kufuata matairi. Mlangoni akageuka, nikadhani ananiaga. "Usiyaguse," akasema.

Alhamisi, 7 Aprili

Aniceti amekuja, hakutaka kuingia wala kunywa kitu.

"Shemeji, mgambo wamemaliza Singe. Kesho wako huku. Wako na Afande mmoja, Basil, mtu wa Songea huko, hacheki na mtu. Ameniuliza nani kwangu ana vitu vya nje."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nitaangalia."

"Utaangalia! Uji wangu umekunywa, sasa unaangalia!"

Alitazama mlango wa chumbani, akaondoka. Nyoka huyu.

Ijumaa, 8 Aprili

Lazima niandike yote ya leo.

Asubuhi niliweka lile kasha kichwani, nikalifunika na nguo chafu, nikashuka ziwani kama mtu anayekwenda kufua. Marcelino atanisamehe upesi zaidi akiwa nje kuliko akiwa gerezani. Nilipofika ukingoni nikaona maji yana povu. Ziwa Babati lina povu! Watu wamemwaga sabuni ya unga ambayo sisi tumeitafuta mwaka mzima, povu limejaa kwenye matete, na vibati vya maziwa vinaelea. Nikamwona Aniceti amesimama juu ya njia. Aliniona, akageuza uso. Nyuma yake mgambo wawili walikuwa wanateremka kukagua wanaotupa. Nikafua shuka moja kwa maji matupu, nikajitwika, nikarudi. Shingo ilikuwa inaniuma kwa uzito.

Nyumbani nilitaka kuyamwaga chooni. Nikachukua la juu, nikalifungua. Kitambaa kilikuwa kipande cha gauni langu la bluu lililochanika mwaka ule wa njaa. La pili lilikuwa kwenye kipande cha gauni langu la harusi. Nash ilikuwa kwenye flaneli nyeupe niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya mtoto. Hakuitupa flaneli ile. Miaka yote hii nilidhani ilizikwa.

Nilikaa chini nikalia kwa hasira, na nikiwa bado nalia niliwasikia mgambo wakipiga hodi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wakati huo Mama Paskasi akaingia uani na kigae chake. "Skola, moto!"

Nikamwita kwa jina lake la ubatizo, nikasema bila kufikiri. "Usiingie, Rosa! Nimeharibikiwa mimba."

Alisimama hivyo hivyo, mguu mmoja mbele. Alinitazama usoni, na uso wangu ulikuwa wa mtu aliyelia kweli. Kigae kikamdondoka. Alirudi kinyumenyume mpaka nje ya ua, akaanza kulia kwa sauti, "Uuwi, Skola wangu, tena!" Habari ya namna hiyo haihitaji barua. Kabla mgambo hawajafika kwangu, Nangara yote ilikuwa imejua.

Walikuja na Aniceti mbele. Vijana wale ni wa hapa hapa, mama zao nawashonea. Wakafika kwenye ua wangu, wakasimama.

"Vipi?" akauliza Afande Basil. Ni kijana kuliko nilivyodhani, ana koti kubwa la mvua.

"Kuna metimani humo, Afande," akasema mmoja.

"Metimani ndiyo nini? Ingieni."

Hakuna aliyeingia. Aliwafokea, akawaita wajinga, akawatishia kuwasimamisha kazi. Wakawa wanatazama matope. Mimi nimesimama mlangoni, nyuma yangu kasha liko wazi juu ya meza. Angepiga hatua kumi tu peke yake.

"Balozi, ni kweli?"

Aniceti alinitazama. Aliniona ziwani asubuhi ile ile nikiwa na mzigo kichwani, mwanamke mwenye nguvu zake. Nikajua sasa nimekwisha.

"Ni kweli, Afande," akasema. "Pole sana, Shemeji."

Afande akatema mate pembeni. "Nitarudi," akaniambia mimi, si wao.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimemdanganya Mungu na Nangara yote. Moto upo. Nimeufukia vizuri kwenye majivu. Ukizimika, hakuna wa kunipa.

Jumapili, 10 Aprili

Sikwenda kanisani. Mvua. Moto upo.

Jumanne, 12 Aprili

Marcelino amerudi. Nilimwona akija barabarani, watu wanampisha mpaka kwenye mtaro. Mtu mmoja alimwita kwa mbali akamwambia kitu, naye akaacha begi lake pale pale kwenye matope akakimbia. Sijamwona akikimbia tangu tuoane. Aliingia akapiga magoti mbele yangu, akaweka kichwa tumboni kwangu.

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuniambia tulikuwa naye?"

Mungu wangu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiria mgambo, nilifikiria gereza, sikufikiria kwamba na yeye ataamini.

Nikamwambia ukweli. Aliinua kichwa. Nilidhani atanipiga, na hajawahi kunipiga.

"Umemuua mtoto ambaye hakuwepo," akasema, "kwa ajili ya magari yangu."

"Kwa ajili yako, mjinga wewe!"

Ametoka amekaa jikoni. Begi lake bado liko barabarani, na watu wanalikwepa.

Ijumaa, 15 Aprili

Haongei. Matairi yamepatikana, lakini Ushirika wamemwambia apumzike, maana turniboi, msaidizi wake, amekataa kukaa naye kwenye lori. Mvua. Moto upo.

Jumatano, 20 Aprili

Tunakinga maji ya mvua kwenye masufuria. Mvua. Moto upo.

Jumatatu, 25 Aprili

Mahindi yanahitaji palizi na njia ya kwenda Mutuka inapita kwenye mashamba ya watu. Nikithubutu, na ikaharibika mimba ya mtu mwaka huu, hata ya mbuzi, lawama ni yangu. Hakuna anayeleta nguo za kushona. Leo Mama Paskasi alisimama mbali, nje ya ua, akanipigia kelele, "Skola, nakusalia rozari kila siku!" Nikaingia ndani nikajificha. Afadhali angenitukana.

Marcelino amepanga magari yote mezani, akayatazama mchana kutwa, hakugusa hata moja. Moto upo.

Jumapili, 1 Mei

Wanasema Afande Basil yuko Dareda, anarudi. Watu wanasema kila siku. Kila koti la mvua linalopita barabarani linanipandisha roho.

Ijumaa, 6 Mei

Moto umezimika.

Paa la jiko limevuja upande usiovuja siku zote, maji yakateremka moja kwa moja kwenye mafiga. Nilipofika yalikuwa yanachemka kwenye majivu kwa sauti ndogo, halafu hata sauti ikaisha. Nilichimba kwa vidole mpaka chini. Matope.

Marcelino alijaribu kupiga chuma kwa jiwe juu ya pamba. Ni fundi, cheche zilitoka, pamba imenyonya unyevu haikushika. Alijaribu mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Tumekula karanga mbichi.

Jumamosi, 7 Mei

Baridi. Marcelino ana homa. Nimekoroga unga na maji ya mvua nikampa hivyo hivyo, akatapika. Naona moshi wa Mama Paskasi kule, hatua chache tu, na siwezi kuuomba. Nikisema ukweli nitapata moto, na mgambo wataingia kabla chai haijachemka. Huo ndio mtego niliojitegea kwa mikono yangu.

Nimemfunika na nguo zote. Akaniambia kwa mdomo unaotetemeka, "Skola, tutayatoa. Nitayapeleka mwenyewe."

"Huendi popote."

Jumapili, 8 Mei

Asubuhi nilisikia mtu anaongea peke yake nje ya ua. Ni Aniceti, amebeba chungu kilichovunjika, kimejaa makaa mekundu, anapiga kelele Nangara yote imsikie.

"Mimi makaa yangu yamenichosha! Yanatoa moshi tu! Nayatupa hapa njiani, anayeyataka na ayachukue, mimi sijampa mtu!"

Akakiweka chungu chini, kwenye mlango wa ua wangu, taratibu kama anayeweka yai. Akafuta mikono.

"Balozi," nikamwita.

"Sijakusikia, Shemeji. Nina uziwi leo." Halafu kwa sauti ndogo, bila kunitazama: "Siku ile ziwani ulikuwa unatembea vizuri mno kwa mtu aliyeharibikiwa. Usitembee hivyo wakija tena. Inama kidogo."

Na mimi nilimwita nyoka.

Alhamisi, 12 Mei

Homa ya Marcelino imepungua. Moto upo.

Alhamisi, 19 Mei

Sasa tumebadilishana ugomvi. Yeye anataka kuyatoa, mimi sitaki.

"Nimekaa metimani kwa ajili ya magari haya tangu Pasaka, palizi imenipita, leo unataka kuyatoa bure!"

"Nataka uende kisimani," akasema. "Nataka Mama Paskasi aje kucheka hapa."

Ni sentensi ndefu kwa Marcelino. Tumekubaliana ayapeleke polisi kesho, aseme ukweli wote, liwalo na liwe.

Ijumaa, 20 Mei

Hakuwahi kuyapeleka. Tulikuwa tunayafunga mezani, kila moja na kitambaa chake, mlango ukasukumwa. Afande Basil, peke yake, maji yanamchuruzika kofiani. Mgambo walibaki nje ya ua kama siku ile, Aniceti pamoja nao.

"Kumbe," akasema.

Alivuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. Akafungua Packard, akafungua Studebaker, akaitazama pua yake yenye ncha. Akasahau kukunja uso. Akafungua flaneli nyeupe akaitoa Nash, akazungusha magurudumu kwa kidole.

"Risiti ziko wapi?"

"Hakuna," akasema Marcelino. "Ni zawadi."

"Zawadi. Kila mtu mwaka huu ana zawadi." Aliipima Nash kiganjani. "Wewe utakwenda na mimi kituoni na hili kasha. Na hii itamfaa mwanangu." Akaitia mfukoni.

Pale nje mgambo wakapiga kelele. "Afande! Usitoke na kitu cha humo!" "Kitu cha metimani hakitoki, Afande! Na mke wako ana mimba!"

Alicheka. "Wajinga hawa," akatuambia. Lakini mkono wake ulibaki mfukoni. Kicheko kikaisha, mkono bado uko pale. Akaitoa Nash polepole, akaiweka mezani, akajifuta kiganja kwenye suruali, akajifuta tena.

"Mama," akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, "ni kweli hayo wanayosema? Mimi si mtu wa huku. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Nimeishaigusa."

Nilijua la kusema. Ndiyo, ni kweli, toka upesi, usiguse kitu. Angekimbia. Kasha lingebaki, Marcelino angebaki, na hakuna mgambo ambaye angekanyaga hapa tena. Neno moja tu. Marcelino alikuwa ananitazama.

Lakini nilikiona kile kiganja kinavyojifuta. Mwaka wa sitini na tisa Marcelino alikuwa anajifuta mikono hivyo hivyo, siku nzima, akijiuliza amegusa nini. Kijana huyu angeondoka hapa ahesabu kila pumzi ya mke wake, na likitokea la kutokea, angejua ni yeye aliyelileta nyumbani. Nilishindwa. Pamoja na chuki yangu yote kwake, nilishindwa.

"Hakuna metimani hapa," nikasema. "Sikuwa na mimba. Nilidanganya ili msiingie. Mke wako hana neno, baba, wala mtoto. Hujagusa kitu kibaya."

Nililisema kwa nguvu, wa nje nao wakasikia. Nikasikia sauti ya Mama Paskasi kutoka kwake, kali kama ya mtu aliyekatwa. "Skola! Nimekulilia! Nimekusalia rozari! Skola!" Mlango wake ukafungwa kwa kishindo.

Afande alishusha pumzi, akavua kofia, akaiweka gotini. Sasa alikuwa huru kutufunga. Marcelino akavaa viatu.

Ndipo Aniceti akavuka ua, akaingia ndani, jirani wa kwanza tangu Pasaka.

"Afande, mimi ndiye balozi. Magari haya nimeyajua miaka yote. Yana mwenyewe."

"Nani?"

"Mtoto wao."

"Yuko wapi?"

"Mimba ilitoka mwaka wa sitini na tisa," akasema Aniceti. "Ile ilikuwa ya kweli. Nilikuwepo. Hii ya kijani ilikuwa imeundwa imngoje yeye, hizi nyingine zimekuja kumliwaza baba yake. Kama huo ni uhujumu, andika na jina langu, maana nilijua nikanyamaza."

Afande Basil akaanza kufunga magari kwenye vitambaa vyake, moja moja, vibaya, maana hajui. Marcelino akamsaidia. Walipofika kwenye Nash, Marcelino aliifuta mvua, akaifunga kwenye flaneli, akamnyooshea.

"Siruhusiwi kuchukua kitu cha mtu," akasema Afande.

"Basi si chako. Mpe mtoto. Imengoja sana."

Mlangoni alisimama, kifurushi kikiwa ndani ya koti. "Humu hakuna bidhaa," akawaambia mgambo wake. "Twendeni."

Marcelino alifunga mlango. Alinishika mkono, na tukakaa hivyo mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Jumapili, 22 Mei

Nimekwenda kisimani. Wanawake wote waliondoka. Zamani waliondoka kwa kuniogopa, leo kwa hasira, na wana haki yao.

Jumatano, 1 Juni

Mvua inakatika. Tumekwenda Mutuka. Mahindi yangu ni ya kutia huruma, magugu yamefika kiunoni. Maharage yameoza. Marcelino alipalilia palipobaki, huku anapiga mluzi.

Alhamisi, 9 Juni

Nimepita kwa Mama Paskasi, nikapiga hodi. Alikuwemo. Hakuitika.

Jumapili, 19 Juni

Leo jua limewaka tangu asubuhi. Marcelino ameyatoa magari yote, ameyapanga dirishani mahali barabara inapoyaona, Hudson mbele, De Soto na sindano yangu, Kaiser mwisho. Ameacha nafasi ya Nash. Aniceti alipita, akayahesabu kwa macho kama kawaida yake, akakubali kikombe cha uji.

Nilikuwa napuliza jiko niliposikia hatua uani. Mama Paskasi amesimama mlangoni, amenuna, uso ameugeuza pembeni, kigae mkononi.

"Moto wangu umezimika," akasema.

Nyuma ya kichwa chake, juu ya paa la jiko lake, moshi ulikuwa unapanda mnene. Na yeye alijua kwamba ninauona.

Nikamjazia kigae makaa.